Hesabu mabafu kabla ya vitanda: kuchagua malazi ya familia kubwa Walt Disney World

Familia ya watu sita au zaidi inayopanga safari ya Walt Disney World, eneo la bustani za burudani na hoteli karibu na Orlando katika jimbo la Florida, Marekani, kwa kawaida huanza kwa kuhesabu vitanda. Ninashauri ianze na mabafu na milango. Kitanda hupatikana hata kwa kukunjua kochi, lakini bafu haliongezeki, na ubaya wake huonekana alfajiri: bibi yuko ndani anatawadha, watoto wawili wanagonga mlango, na baba amesimama ukumbini na mswaki mkononi huku basi la kwanza la kwenda bustanini likiondoka.

Kwanza, fahamu kikomo cha chumba. Vyumba vya kawaida katika hoteli za Disney za bei ya chini huchukua watu 4, na mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 huruhusiwa kuongezeka iwapo atalala kwenye kitanda cha kichanga. Baadhi ya vyumba vya hoteli za Port Orleans Riverside na Caribbean Beach, nazo pia za Disney, huchukua 5. Desturi yetu ya kutandika godoro chini ili wageni wote waenee haina nafasi hapa. Tena, bei ya chumba hukadiriwa kwa watu wazima 2, na kila mtu mzima anayezidi hapo hutozwa nyongeza kwa usiku. Kwa hiyo babu na shangazi waandikwe tangu siku ya kuweka nafasi, ili bei mnayolinganisha iwe ya kweli.

Kwa watu 6, vyumba vya familia vya Art of Animation, hoteli iliyofunguliwa mwaka 2012, vina mabafu 2, friji na mikrowevu, ingawa havina jiko la kupikia. Meza ya chakula ndiyo hugeuzwa kuwa kitanda cha tatu, jambo linalomaanisha kwamba anayechelewa kula anawachelewesha wengine kulala. Faida yake kubwa ni Skyliner, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, ambavyo huwafikisha kwenye bustani mbili za Disney, EPCOT na Hollywood Studios, bila kungoja basi. Hoteli ya All-Star Music nayo ina vyumba vya watu 6 vyenye mabafu 2, lakini usafiri wake ni basi tu. Nyumba ndogo za Fort Wilderness, eneo la kambi la Disney, zina jiko kamili, na kwa familia isiyoweza kukaa siku tano bila ugali hilo si jambo dogo; hata hivyo bafu ni moja.

Mkiwa 7 hadi 9, tazameni vila za vyumba viwili vya kulala. Mimi huipendelea Kidani Village, sehemu ya hoteli ya Disney iitwayo Animal Kingdom Lodge, na sababu si jina lake la Kiswahili wala ule mgahawa wake uitwao Sanaa. Vila ya vyumba viwili hapo huchukua watu 9, ina mabafu 3, jiko kamili, na mashine za kufua na kukausha nguo, na kwenye baadhi ya vila twiga huonekana kutoka kibarazani. Kasoro zake ni bei, pamoja na kutegemea basi kwa kila safari.

Mkiamua kuchukua vyumba viwili vya kawaida, ulizeni kwa maneno yasiyo na utata kama vina mlango wa ndani unaoviunganisha. Vyumba vinavyopakana tu vitawalazimu watoto kupita nje kila wanapomtaka mama yao usiku.

Nyumba za kukodi za Kissimmee na Davenport, miji iliyo jirani, mara nyingi ni nafuu kwa kila kichwa, ila hazina nusu saa ya kuingia mapema bustanini wanayopewa wageni wa hoteli za Disney, na mtahitaji gari kubwa pamoja na ada ya maegesho ya kila siku. Ongezeni gharama ya usafi na kodi ya malazi, ambayo ni asilimia 13.5 katika kaunti ya Osceola iliko Kissimmee, ndipo mlinganishe. Nyumba moja tuliyowahi kukodi ilitangazwa kuwa ya watu 10. Tulipofika tukakuta wanne kati yao walikusudiwa kulala kwenye makochi ya sebuleni, mbele ya mlango wa kioo unaofunguka moja kwa moja kwenye bwawa, na tulikuwa na mtoto wa miaka miwili. Tangu hapo, kabla ya kulipa huomba picha ya kila kitanda na ya uzio wa bwawa.