Kupakia baiskeli ya kusukuma, kama Dien Bien Phu

Mwaka 1954, Viet Minh, wapigania uhuru wa Vietnam, walipowazingira Wafaransa huko Dien Bien Phu, bonde la kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, mchele wao ulivuka milima kwa maelfu ya baiskeli. Zilisukumwa, hazikupandwa, na moja iliweza kubeba kilo 200 na zaidi, kwa kuwa uzito wote ulikaa juu ya magurudumu na msukumaji akabaki na kazi ya kuongoza. Baiskeli ya Black Mamba ya inchi 28 inafaa kazi hiyo hiyo.

Anza na spoki za nyuma. Hewa ya chumvi ya Mombasa huzila palepale zinapopinda kuingia kwenye habu, na hapo ndipo hukatikia. Zibinye mbili mbili: iliyolegea ikaze, yenye kutu ing'oe uweke mpya. Moja ikikatika na mzigo juu, jirani zake huelemewa, nazo hufuata, kisha ringi hupinda.

Toa siti na pedeli. Kwenye tundu la siti chomeka mti mkavu wa mvinje, uliochongwa uingie kwa kubana, ufike kifuani. Ukicheza utapanua mdomo wa bomba. Upande wa kushoto wa usukani funga mwanzi wa mita moja kwa mipira ya tyubu kuukuu, mahali pawili; ukifunga mahali pamoja tu, utazunguka mkononi. Tembea kushoto: mkono wa kushoto unaelekeza kwa mwanzi, wa kulia unasukuma mti na kuzuia baiskeli isilale. Kwa barabara zetu ni upande salama pia, mbali na matatu.

Wavietnam walizungushia tyubu vitambaa. Ukanda wa tyubu kuukuu ndani ya tairi nao unafaa. Jaza upepo kufikia kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukipungua, ringi huibana tyubu shimoni na kuitoboa.

Kwa kuanzia, mitungi minne ya lita 20 yatosha, miwili kila upande, yaani kilo 80 za maji. Ijaze pomoni, maana maji yanayochezacheza huyumbisha. Ining'inize chini, shibiri moja kutoka ardhini, karibu na fremu. Mmoja ashike mti, mwingine apakie pande zote kwa zamu.

Kwenye mteremko wa feri Likoni usitegemee breki za fimbo, hasa ringi zikiwa na maji. Funga kamba kwenye keria, mtu wa pili avute kutoka nyuma.