Sumaku kwanza, bei baadaye

Juzi Mikindani nimeonyeshwa Peugeot 404, rangi inang'aa kama kioo. Nikatoa sumaku ya spika mbovu. Chini ya mlango wa dereva ikagoma kushika, ikadondoka kwenye ndala yangu. Puti tupu, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi kabla ya rangi. Basi nawe ukienda kuangalia gari la miaka ya 50 au 60, beba sumaku ndogo, ifunge kitambaa chepesi isikwaruze rangi, uipitishe polepole chini ya milango, kwenye bati la juu ya matairi na kwenye kona za buti. Sumaku huvuta chuma, haivuti puti: ikilegea ghafla, hapo pamejazwa, na huku kwetu pwani kinachofichwa huwa ni kutu ya chumvi. Linganisha na paa, ambalo mara nyingi halijaguswa. Ila puti nyembamba sana haitajulikana, na kiraka cha bati kilichochomelewa sumaku itakishika vizuri tu.

Kwa Land Rover za zamani usijisumbue kupima bodi. Sehemu kubwa ni aluminiamu, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, kwa hiyo sumaku haitashika hata kama gari ni zima kabisa. (Nimeona mtu akishusha bei kwa hoja hiyo. Mwenye gari alicheka.) Hapo lala chini, gonga chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, kwa nyundo ndogo: palipo pazima panalia, palipooza panatoa mlio mfu na magamba ya kutu yanakumwagikia usoni. Fumba macho.