Somo: Kukokotoa saa za mahali kwa longitudo

Swali la namna ya kupata saa ya mji mmoja ukijua ya mji mwingine hurudi kila msimu wa mitihani, nami nimechoka kuandika jibu lilelile. Nimeliweka lote hapa, tafadhali someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

1. Andika longitudo ya kila mji na upande wake: mashariki au magharibi ya Greenwich, Uingereza, ambako longitudo ni 0°.

2. Tafuta tofauti ya longitudo. Hapa ndipo wengi wanapopotezea alama. Miji ikiwa upande mmoja, TOA. Ikiwa pande mbili tofauti za Greenwich, JUMLISHA. Dar es Salaam ni 39° mashariki, New York 74° magharibi: 39 + 74 = 113. Ukitoa utapata 35, na jibu lako litasema kuwa Dar ikiwa alasiri changa, New York nako ni saa sita mchana. Hilo haliwezekani, wenzetu ndio kwanza wanaamka! Chora mstari, weka 0° katikati, weka miji yako, ndipo uhesabu. Usifanye kichwani.

3. Zidisha tofauti hiyo kwa dakika 4. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa, au digrii 1 kwa dakika 4. 113 × 4 = dakika 452, sawa na saa 7 na dakika 32.

4. Ukienda mashariki ongeza, magharibi punguza. Dar ikiwa 14:36, New York ni 07:04.

5. Geuza kuwa saa za Kiswahili mwishoni tu: saa 1:04 asubuhi. Ukianza nazo mapema utachanganya usiku na mchana.

Maswali

Msaka A: Naomba jibu la Dar na New York, kesho nina mtihani.
— Hatua ya 2 hadi ya 5.

Msaka A: Mbona hujaweka latitudo?
— Haihusiki. Soma hatua ya 1.

Kijana wa Ujiji: Mwalimu, Greenwich ikiwa saa sita mchana, kwa hesabu yako Dar ni saa 8:36. Lakini saa ya ukutani inasema saa tisa kamili. Kwa nini?
— Swali zuri sana, ndugu yangu. Hesabu hii inafuata jua, saa ya ukutani inafuata uamuzi wa serikali. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia saa ya 45° mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu wala haugusi Tanzania. Wewe uliye Ujiji, Kigoma, ndiye unayeliona vizuri: jua linakuchelewa karibu dakika 39 nyuma ya Dar. Simamisha kijiti wima uwanjani. Kivuli kifupi kuliko vyote utakipata kwenye saa saba mchana, si saa sita (husogea dakika kadhaa kutegemea mwezi). Tena Bujumbura, iliyo karibu kabisa na longitudo yako, iko nyuma yako saa nzima, kwa kuwa Burundi imechagua 30°.

Kijana wa Ujiji: Kumbe! Na Kongo je?
— Ina kanda mbili. Goma na Lubumbashi wako sawa na Burundi, Kinshasa iko nyuma yao kwa saa moja.

Bi Mwalimu: Nami niongeze: wanafunzi waangalie mstari wa tarehe, karibu na 180°, ambapo tarehe hubadilika ukiuvuka. Samoa iliuhama ili iende sambamba na Australia na New Zealand kibiashara. Baada ya Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 ikaja Jumamosi tarehe 31.
— Ahsante dada. Na ukiuvuka mstari huo kuelekea magharibi, ongeza siku moja. Kuelekea mashariki, punguza.