Jipime kabla hujafika kwenye mashine

Mgonjwa anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, hukaa na mashine saa nane tu. Wiki ina saa 168. Hizo 160 zinazobaki yuko kwake, Nyamasaria, Ahero ama Bondo, na hakuna maabara ya kumwambia kama mambo yanaanza kwenda mrama. Mimi ni muuguzi wa dayalisisi, yaani mashine ya kusafisha damu na kuvuta maji mwilini figo zikishindwa, hapa Kisumu (wagonjwa huniita daktari, nimechoka kuwakosoa), na haya ndiyo ninayomfundisha mgonjwa mpya na yule anayemtunza. Tafuta mizani ya kusimamia, kipimo cha presha cha mkononi, kiti kigumu, kamba ya mita 4, simu ya kuhesabia sekunde na daftari la shule. Sindano haimo.

Hatua ya 1: Mizani, kila asubuhi

Jipime ukishaamka na kwenda chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi, bila viatu. Weka mizani kwenye sakafu ya simiti, si juu ya zulia, na usiihamishe. Mizani ya mtumba kutoka Kibuye inatosha, hata kama inakosea nusu kilo, mradi ikosee vilevile kila siku.

Kuhusu viatu sisemi kwa kujaza ukurasa. Mwaka wangu wa kwanza nilimpima mzee mmoja aliyefika asubuhi ya mvua. Alipanda mizani na koti zito, viatu vya ngozi na simu mbili mfukoni, nami kwa haraka nikaandika nilichokiona. Kwa hesabu yangu alikuwa amebeba kilo 3 za maji. Kumbe kilo moja na ushei ilikuwa ni koti na viatu. Mashine ikavuta maji ambayo hayakuwepo. Ilipofika saa ya tatu paja likamkaza kama ubao, akanishika mkono: "Daktari, mguu wanivunjikia." Presha ikaporomoka, tukamrudishia maji kwa mrija. Siku hizi koti naliangika mwenyewe kabla sijatazama namba.

Sasa hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Uzito mkavu ni ule daktari aliokuandikia, ambao unapaswa kuwa nao ukishuka kwenye mashine. Kati ya kikao na kikao usiongeze zaidi ya asilimia 4 hadi 4.5 ya huo uzito. Mwenye kilo 60 basi, kilo 2.7 ndiyo mwisho. Kuna sababu: kasi ya kuvuta maji ikipita mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, moyo huumia, na tafiti zimeihusisha kasi hiyo na vifo zaidi. Kwa huyu wa kilo 60 ni mililita 780 kwa saa, yaani lita 3 na kidogo kwa saa nne. Ukija na lita 5, ama tukuumize ama tukurudishe nyumbani na maji.

Wagonjwa wengi hapa husafishwa, tuseme, Jumatatu na Alhamisi. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ni siku nne, na pengo refu ndilo hatari kuliko yote. Hata kwa wanaosafishwa mara tatu kwa wiki, utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2011 ulionyesha vifo na kulazwa kwa ajili ya moyo vikiongezeka baada ya pengo la siku mbili. Kwa hiyo namba ya Jumapili asubuhi izungushie duara. Jua la Kisumu linaleta kiu, najua, lakini kinacholeta kiu zaidi ni chumvi. Punguza chumvi kwanza, kikombe kitajipunguza chenyewe.

Hatua ya 2: Kidole kwenye mfupa wa mguu

Bonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu, hesabu hadi 10, ondoa. Shimo likibaki, andika limebaki na limefika wapi: kifundo, katikati, ama goti. Kisha andika idadi ya mito uliyolalia. Aliyelala na mto mmoja wiki iliyopita na sasa anataka mitatu ana maji kwenye mapafu hadi ithibitishwe vingine.

Wengine wamenunua kile kibano cha kidoleni cha kupima oksijeni. Si kibaya, ila kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko ukweli. Kikisema 95 na wewe huwezi kulala chali, amini kifua chako.

Hatua ya 3: Presha ya nyumbani

Kaa, egemea, miguu chini, nyamaza dakika tano. Tumia mkono usio na fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine), daima. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni. Usomaji wa nyumbani hutabiri yajayo vizuri kuliko ule tunaouchukua wodini ukiwa umeshuka matatu na kupanda ngazi.

Namba yako ya kulenga mpe daktari wako aiseme. Langu ni moja: ile ya juu ikishuka wiki baada ya wiki na dawa hazijabadilishwa, usisherehekee. Huenda moyo ndio unaochoka.

Hatua ya 4: Fistula, sekunde thelathini

Weka vidole juu yake kila asubuhi. Unatafuta mtetemo, kama simu iliyo mfukoni ikipigiwa. Ukiiweka sikioni, isikike kama posho mill iliyo mbali. Mtetemo ukitoweka, njoo siku hiyohiyo, usingoje zamu yako. Kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kuufungua mshipa. Usiulalie mkono huo, usiubebeshe jerikeni, wala usikubali mtu autoe damu kwa sababu mshipa wake "unaonekana vizuri".

Hatua ya 5: Kiti na kamba, mara moja kwa mwezi

Hapa ndipo watu hunicheka, na hapa ndipo nimejifunza zaidi. Mizani haijui tofauti ya nyama na maji. Mtu anaweza kusoma kilo 62 Januari na kilo 62 Juni, familia ikafurahi, kumbe nyama ya kilo 3 imeondoka na maji ya kilo 3 yamechukua nafasi yake. Uzito mkavu ulioandikwa kwenye faili unakuwa uongo, na hakuna anayejua mpaka apumue kwa shida usiku.

Chagua siku isiyo ya mashine, maana ukitoka hapo presha iko chini na unaweza kuanguka. Mtu asimame kando yako. Kaa kwenye kiti kisichoyumba, kunja mikono kifuani, simama wima na ukae mara tano upesi uwezavyo. Zaidi ya sekunde 15 ni nguvu ndogo. Kisha tandaza kamba ya mita 4, anza hatua mbili nyuma yake, tembea mwendo wako wa kawaida. Zaidi ya sekunde 5, andika. Wodini tukiwa na kifaa cha kukamua kwa kiganja tunaongeza hicho: chini ya kilo 27 kwa mwanaume au 16 kwa mwanamke ni dhaifu.

Mama mmoja wa Maseno alikaa kwa sekunde 12, mwezi wa pili 14, wa tatu 19. Uzito haukusogea hata gramu. Marinda yake ndiyo yalikuwa yamelegea kiunoni. Tulipunguza uzito mkavu kidogo kidogo, tukamwongezea mayai na samaki, na mito ikarudi kuwa mmoja.

Ziko mashine za fahari za kutabiri nani yuko hatarini. Huko Groningen, Uholanzi, walitengeneza kifaa kinachomulika mkono na kusoma mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi. Mwaka 2005 walionyesha kuwa kinatabiri vifo vya wagonjwa wa dayalisisi. Shida yake, ngozi nyeusi sana hairudishi mwanga wa kutosha kukisomesha. Kwetu kiti kinashinda.

Hatua ya 6: Yasiyopimika hivi

Potasiamu, madini yaliyo kwenye vyakula vingi. Ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo wa mtu aliyekuwa akicheka asubuhi, na hakuna daftari litakaloiona. Hiyo ni ya damu, ya maabara. Osuga (mnavu) na viazi vichemshe na umwage maji yake, ndizi na parachichi ziwe chache. Miguu ikilegea ghafla au moyo ukipiga vibaya, usijipime chochote, nenda hospitali.

Hatua ya 7: Daftari mkononi

Mpe muuguzi kabla hujaunganishwa, si wakati wa kufungasha. Tukishapanga kiasi cha maji ya kuvuta, namba za Jumapili zimechelewa.