Oksijeni ya mita sita katika maji ya Uganda

Vitabu vingi vya kupiga mbizi vimeandikwa na watu wa bahari. Mimi mwenyewe nilifundishwa Mombasa, sasa nachanganya gesi Entebbe, na mgeni akishuka kwenye gari na mtungi wake wa oksijeni namwambia jambo moja kabla hata ya karibu: huku juu oksijeni inakusumbua kidogo kuliko baharini, nitrojeni inakusumbua zaidi. Ukichanganya hayo mawili utaumia.

Ninaandika kwa aliyekwisha kufundishwa mbizi za dekompresheni, zile ambazo ukipanda unasimama kwenye vituo ili nitrojeni itoke mwilini, na kituo cha mita 6 unakivutia oksijeni tupu. Kama hujafundishwa, soma tu, mtungi uuache ulipo.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina presha ya bar 0.89 hivi (bar ni kipimo cha presha), si 1.01 kama ya Mombasa. Ukiwa mita 6 kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, jumla ni karibu bar 1.47. Baharini, kina hichohicho kinakupa 1.6, na 1.6 ndiyo dari ya oksijeni tupu ambayo wengi tunaikubali. Ziwa Bunyonyi, kusini magharibi mwa Uganda, kwenye mita 1,962, unapata kama 1.39 tu. Hapo ndipo mjanja huanza kupiga hesabu kwamba kumbe anaweza kuvuta oksijeni mita 7. Anaweza, kwa karatasi. Mimi sikubali. Nafuu hiyo iache iwe akiba yako siku wimbi likikusukuma chini.

Upande wa pili ni nitrojeni. Unatoka chini kwenda kwenye hewa nyepesi, kwa hiyo viputo vinaota kirahisi zaidi. Mita 40 za Entebbe zihesabu kama mita 46 za baharini. Za Bunyonyi zihesabu kama 51. Maji yasiyo na chumvi yanakurudishia punguzo dogo, nami huliacha, silidai. Kompyuta nyingi za kisasa za mbizi, zile za mkononi zinazokuhesabia vituo, hujirekebisha zenyewe, nyingine lazima uziwekee mwinuko kwa mkono. Fungua menyu uone kwa macho yako. Na kama umetua Entebbe leo ukitokea pwani, mwili wako bado umebeba nitrojeni ya kule chini: lala kwanza.

Sasa mtungi. Oksijeni tunaipata kwenye mitungi mikubwa, ileile inayopelekwa hospitali, na ikijaa huwa na bar 137. Ukiunganisha mtungi mkubwa wa lita 47 na mdogo wa alumini wa lita 5.7, presha zinalingana kwenye bar 120 hivi, hapo ndipo mwisho bila pampu. Hiyo ni lita 680 na kidogo. Inatosha? Tuseme unavuta lita 15 kwa dakika ukiwa umetulia. Kwenye bar 1.47 zinakuwa 22. Dakika 20 zinakula 440, ongeza nusu yake ya akiba, 660. Imetosha kwa kubana. Kama mtungi mkubwa umeshatumika nusu, haitoshi, na hakuna maombi yatakayoongeza lita.

Fungua vali polepole, polepole kweli. Oksijeni ikikimbia ghafla kwenye bomba jembamba inapata joto, ikikuta grisi au uchafu inawaka. Kwa hiyo regyuleta, vali na mpira wa kujazia viwe vimesafishwa kwa kazi ya oksijeni, na mikono isiwe na mafuta ya kujipaka. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaochomelea vyuma wanalijua hili kuliko wapiga mbizi wengi. Hutamwona fundi mwenye akili akipaka grisi kwenye kichwa cha mtungi wa oksijeni.

Kisha pima. Sensa ya oksijeni inasoma presha, haisomi asilimia. Iliyosawazishwa Mombasa itakuambia hewa ya Entebbe ina oksijeni 18 na kidogo, na utadhani imekufa. Isawazishe hapahapa kwa hewa ya hapa iwe 20.9, ndipo upime mtungi. Andika kwenye utepe: asilimia, kina cha mwisho mita 6, tarehe, jina lako. Maandishi ya kina yawe makubwa, yasomwe na mwenzako, si na wewe tu.

Lakini ziwa letu si maji ya kusomea. Mara nyingi unaona urefu wa mkono, wakati mwingine hata huo hauoni. Ndiyo maana nafunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye kipumulio cha oksijeni, na hakuna kipumulio kingine chochote chenye mpira huo. Kamba ya kupandia nayo naipiga fundo kwenye mita 6, fundo nene la kushikwa kwa glavu. Mtungi unashuka ukiwa umefungwa vali. Ukipumua oksijeni tupu kwenye mita 30 za Victoria unavuta bar 3.8, degedege linaweza kukukamata bila onyo, kipumulio kinakutoka, unakufa kwa maji.

Ukifika kwenye fundo, tulia kwanza. Hakuna anayebadilisha gesi huku akielea juu na chini. Tazama kina. Toa kipumulio, papasa mpira, kisha fuata bomba kwa vidole mpaka kwenye mtungi wenyewe. Fungua vali. Msogezee mwenzako utepe na kipimo cha kina mbele ya taa. Akikupa ishara, badilisha. Asipokupa, usibadilishe, hata kama una uhakika. Ndipo uiambie kompyuta kwamba gesi imebadilika. Dakika za mwanzo tazamaneni usoni.

Oksijeni inafanya kazi kwa sababu mapafu hayaingizi tena nitrojeni, hivyo ile iliyo kwenye damu inatoka kwa kasi, huku mita 6 za maji zikiendelea kuvibana viputo. Kila dakika 20 rudi kwenye gesi ya mgongoni, ile uliyoshukia, kwa dakika 5, ubongo na mapafu yapumzike. Jedwali la NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, linaruhusu dakika 45 kwenye 1.6 na 120 kwenye 1.5, ila nambari hizo zisikulevye: majaribio ya mtafiti Kenneth Donald nchini Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yalionyesha kwamba mtu yuleyule anaweza kuvumilia leo na kutukutika kesho kwa kina kilekile. Midomo ikichezacheza, masikio yakivuma, macho yakiona kama ndani ya bomba, kichefuchefu, hasira isiyo na sababu: rudi kwenye gesi ya mgongoni papo hapo. Kituo utakimalizia kwa muda mrefu zaidi.

Jambo ambalo wageni hawalifikirii ni barabara. Umetoka majini Entebbe mchana, jioni unataka kulala Kabale ukaone Bunyonyi. Kabale iko karibu mita 2,000. Gari linakupandisha kama ndege. Ndege yenyewe ndani yake inaweza kuwa sawa na mita 2,400. Subiri saa 24. Ile oksijeni iliyobaki usiimwage wala usimrudishie mwenye mtungi siku hiyo: mtu akilalamika bega linauma au miguu imekufa ganzi, mlaze, mpe oksijeni hiyo mara moja, na daktari apigiwe akiwa anaendelea kuivuta. Nambari ya daktari na mahali ilipo chemba ya presha unavitafuta kabla ya mbizi, wakati kila mtu ni mzima na simu ina chaji.