Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza kliniki ya wajawazito

Mjamzito anayehudhuria kliniki nchini Uganda hukutana na mkunga mara nyingi kuliko daktari. Katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, wakunga na wauguzi ndio wanaopima, wanaochanja na wanaozalisha. Daktari na chumba cha upasuaji huanzia ngazi ya nne. Kwa hiyo, kabla ya siku ya kwanza, fahamu kituo chako ni cha ngazi gani, na umuulize mkunga atakupeleka wapi akiona hatari, na kwa usafiri gani, kwa kuwa usiku wa uchungu si wakati wa kuanza kutafuta boda boda.

Nenda mapema, kabla ya wiki ya 12 kutimia. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8. Andika tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, maana mkunga huitumia kujua lini aanze kukupa Fansidar ya kuzuia malaria, na daktari huitumia kuamua kama mtoto anayekuja amefikisha miezi yake.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kumbukumbu zako. Wengi wetu huandikiwa katika daftari la kawaida la shule, na likichakaa au likisahaulika nyumbani hununuliwa jingine pale mlangoni. Tazama hasara yake: mama amefika hospitali na daftari jipya, presha yake ni 138/88, na daktari haoni jambo la kumshtua. Katika daftari la zamani mkunga alikuwa ameandika 100/60, kisha 118/74, na mkojo ukaanza kuonyesha protini. Tarakimu hizo zikisomwa pamoja ndipo kifafa cha mimba hushukiwa kabla hakijamwangusha mama. Tumia daftari moja tu, ulifunike kwa nailoni, na kila unakokwenda uende nalo.

Beba pia pakiti za dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Anayetumia Septrin kila siku, kama wafanyavyo wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI ili kujikinga na maambukizi mengine, hapaswi kupewa Fansidar. Amwambie mkunga faraghani, naye ana wajibu wa kuitunza siri hiyo. Mume akiweza kufika, mpimwe pamoja virusi vya UKIMWI na kaswende.

Lugha nayo iandaliwe. Mama wa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, anayezungumza Kiswahili anaweza kupokewa na muuguzi anayezungumza Kinyankole, kisha daktari akaandika kwa Kiingereza. Aende na mtu anayemwamini wa kumtafsiria, lakini asiwe mtoto wake, kwani yapo maswali yasiyomfaa mtoto kuyasikia.

Ada katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, hata hivyo weka akiba ya nauli, na ya glavu, pamba, wembe na karatasi ya plastiki iwapo kituo kitakuwa kimeishiwa.

Ukitokwa na damu, ukiumwa sana kichwa, ukiona ukungu machoni, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje tarehe ya kliniki. Ukipewa rufaa, omba barua yenye vipimo na dawa ulizokwisha kupewa, na daktari akimaliza, mwombe aandike uamuzi wake katika daftari lile lile, ulirudishe kwa mkunga wako.