Simiti na ngozi: ya kufanya kabla ya kukoroga

Simiti mbichi haichomi papo hapo, ndiyo maana inatuharibu. Ikishakutana na maji inakuwa alkali kali, pH 12 hadi 13, na inakula ngozi polepole ukiwa kazini.

Nikiwa mtu wa mkono kwenye mjengo Kilimani, zege liliniingia ndani ya gambuti saa nne asubuhi. Nikaendelea kusukuma karai. Jioni nilipovua, soksi ilitoka na ngozi ya kifundo. Kovu ninalo hadi leo.

1. Kabla ya kukoroga, weka mtungi wa maji safi pale pale unapofanyia kazi. Maji ya pipa la kuchanganyia hayafai, yameshashika simiti.

2. Vua pete na saa. Vaa glavu ndefu za raba; za kitambaa hunyonya maji ya simiti na kuyashikilia mkononi. Suruali ikae nje ya gambuti. Zege likiingia ndani, simamisha kazi uvue, hata kama foremani anapiga kelele. Ukipiga magoti kulainisha sakafu, weka ubao chini.

3. Simiti ikikugusa ngozi, unga mkavu upanguse kwanza. Kisha mwagia maji yanayotiririka dakika 20. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo halafu hospitali siku hiyo hiyo.

4. Jioni nawa kwa sabuni isiyo kali, jikaushe, paka vaselini. Mafuta ya taa na thina tuache kabisa, jamani: yanamaliza mafuta ya ngozi na kesho simiti inapenya zaidi.

Maswali

Mwalimu, glavu zangu zimetoboka, naambiwa nijinunulie.
Ndugu, Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Hiyo iliyotoboka ivue, inafungia simiti ndani.

Nimejenga miaka tisa bila shida. Mbona sasa vidole vinawasha na kupasuka?
Huenda ni mzio wa kromiamu iliyomo kwenye simiti. Unaweza kuanza baada ya miaka mingi, na ukishakushika, hata simiti kidogo inauamsha. Nenda kliniki ya ngozi, uulizie kipimo cha vibandiko vya mgongoni. Vibandiko hubanduliwa baada ya saa 48. Usijipakie krimu za dukani kwa kubahatisha.

Nguo za kazi za mume wangu nifue pamoja na za mtoto?
Hapana, dada. Azikung'utie nje, uzifue kando, na beseni ulisuuze kabla ya kutia nepi.